Kesi ya Jogoo

Jogoo ambaye nusura nimkate kwa panga nilipewa na mjomba wangu, mzee wa Matombo. Nilikuwa nimepanda kwenda kumjulia hali baada ya mvua za masika, na asubuhi ya kuondoka akatokea nyuma ya nyumba na pora mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Akaniambia, "Mjomba, huyu ukaanzie banda." Sisi Waluguru ukoo wetu hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mtu ambaye neno lake halirudishwi hivi hivi. Alichokupa mjomba hukipeleki sokoni wiki inayofuata. Basi nikampakata pora yule garini, tukashuka kwa Mkuyuni na Kiroka, akinidonoa vidole njia nzima, mpaka Bigwa ninapoishi, chini ya mlima, pale barabara ya Matombo inapoagana na mji wa Morogoro.

Wahenga walituachia neno kwamba jogoo la shamba haliwiki mjini. Huyu aliwika siku ya nne. Siku tatu za kwanza nilimfunga kamba mguuni, kama ilivyo desturi kwa kuku mgeni. Siku ya nne nikamfungua. Akatembea mara mbili kuzunguka banda, akapanda juu ya rundo la matofali yaliyobaki tulipojenga jiko, akawika. Mke wangu alisema methali ile bila shaka ilitungwa na mtu wa mjini.

Nilimpenda. Sioni haya kusema hivyo, ingawa kwetu mtu mzima hasemi kwamba anampenda kuku. Baada ya mwaka mmoja alikuwa jogoo hasa, undu mwekundu kama pilipili, kipi kirefu nyuma ya kila mguu. Mwewe wa mlimani akipita juu, yeye ndiye aliyemwona wa kwanza, na kwa mlio mmoja tu mitetea yote ilikuwa chini ya mlimau. Jioni moja aliingiliwa na kicheche bandani. Tulipofika na tochi tulimkuta amepoteza manyoya yote ya mkia, lakini hapakuwa na kifaranga hata mmoja aliyechukuliwa. Akiokota punje ya mahindi huita kwanza kwa sauti ya chini, mitetea waje wale, naye husimama pembeni akitazama huku na huku. Niliwaambia vijana wangu mara nyingi, mtazameni huyo, ndiye baba wa nyumba. Na nilikuwa na mchezo wangu naye tangu akiwa pora. Nikiwa nimekaa kibarazani jioni humsogezea ncha ya kiatu kifuani. Yeye hutunisha manyoya ya shingo na kuurukia mguu, nami huuondoa upesi nikicheka. Wageni waliufurahia sana mchezo huo.

Sasa nieleze habari ya jirani. Upande wa pili wa ua wetu wa minyaa alihamia mama mmoja kijana, muuguzi, mwenye watoto wawili. Zamu zake nyingi zilikuwa za usiku. Hurudi nyumbani saa moja asubuhi, huwapeleka watoto shule, kisha hulala. Yaani alijaribu kulala. Watu hudhani jogoo huwika alfajiri tu. Anayefuga anajua kwamba huwika pikipiki ikipita, jogoo mwenzake wa mbali akimjibu, mtetea akimaliza kutaga, na wakati mwingine bila sababu ambayo binadamu anaweza kuitambua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya huko Japani walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo ana saa yake mwilini. Hata akiwekwa mahali penye mwanga hafifu usiobadilika, bado huwika kwa majira yake. Walionyesha pia kuwa sauti na mwanga vya nje humchochea. Kwa hiyo pale Bigwa alikuwa na sababu za ndani na za nje, na zote alizitumia.

Jumamosi moja alasiri yule mama alisimama kwenye ua. "Shikamoo, baba."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo. Baba, nina neno dogo, naomba usinichukie." Kisha akaeleza. Miezi minane alikuwa amelibeba neno hilo dogo. Alisema kila anapopitiwa na usingizi jogoo anawika chini ya dirisha lake, na kwamba wiki ile akiwa wodini alikuwa amesimama na dawa mkononi asikumbuke ni ya mgonjwa gani.

Mimi nilicheka. Nikamwambia, "Mwanangu, jogoo ni saa ya maskini, sisi wengine ndiye anayetuamsha." Naye akacheka, kwa adabu, kama mtu anavyocheka mbele ya mzee, akaniaga, akaenda zake. Kicheko kile kimenikaa kichwani kuliko matusi yoyote niliyowahi kutukanwa. Angenitukana ningejua la kufanya.

Nilikuwa na hoja zangu, na kwa muda niliziona nzito. Nilijiambia kwamba jogoo alikuwako pale kabla yake. Nilijiambia kwamba Waislamu wamefundishwa wasimtukane jogoo kwa kuwa huamsha watu kwa ajili ya swala, na kwamba Wakristo nao hawawezi kumsahau, maana ndiye aliyemkumbusha Petro kosa lake. Nilisoma pia habari ya jogoo wa Ufaransa, Maurice, wa kisiwa cha Oléron. Majirani waliokuwa na nyumba yao ya mapumziko pale walimshtaki mwenye jogoo kwa sababu ya kelele, na mwezi Septemba 2019 mahakama ya Rochefort ikaamua jogoo aendelee kuwika. Mwezi Januari 2021 Bunge la nchi ile lilikwenda mbali zaidi, likapitisha sheria ya kulinda sauti na harufu za mashambani kama sehemu ya urithi. Nilifurahi kama vile kesi ilikuwa yangu.

Lakini kesi ile haikuwa yangu. Walioshtaki walikuwa watu wa mapumziko. Aliyelalamika kwangu alikuwa anatoka kazini. Na Bigwa je, ni shamba au ni mji? Ukitazama juu unaona mihogo na migomba mpaka msitu unapoanza. Ukitazama chini unaona taa za Msamvu. Kanuni za mwaka 1992 za kilimo cha mijini ziliweka kikomo cha ng'ombe wanne wa kufugwa ndani. Jogoo mmoja kwa kuhesabu si kitu; kwa masikio ni zizi zima. Mwaka 2018 watafiti wa Ubelgiji walipima sauti ya jogoo karibu na sikio lake mwenyewe, wakakuta inazidi desibeli 140, sauti ya kumharibu mtu masikio. Wakaona pia kwamba jogoo anapofungua mdomo wote kuwika, tundu la sikio lake hujifunga. Yeye hajisikii vizuri. Kinga amepewa yeye, jirani hakupewa. Na mimi nadhani nilikuwa nimeazima kinga ile, maana kwa miezi minane sikusikia chochote kibaya.

Kuku walikuwa wangu, mayai yalikuwa yangu, kinyesi kilikuwa changu na nilikipeleka kwenye mchicha. Sauti tu ndiyo niliyokuwa nikiwaachia wengine.

Hata hivyo sikufanya lolote kwa ajili ya muuguzi yule. Naandika hili kwa kuwa lingekuwa rahisi kulificha. Nilichukua hatua pale nilipoumizwa mimi. Likizo ya Desemba mjukuu wangu wa miaka minne aliletwa kutoka Dar es Salaam. Asubuhi ya pili alikwenda bandani kutazama vifaranga, amevaa viatu vya bibi yake, vikubwa kuliko miguu. Tulisikia ukelele. Nilipofika mtoto alikuwa chini, jogoo juu ya kifua chake, na damu. Kipi kilikuwa kimechana ngozi upana wa kidole kimoja chini ya jicho la kushoto. Kule zahanati alishonwa nyuzi tatu. Yule tabibu hakusema neno, aliweka tu kidole chake kati ya jeraha na jicho, akanitazama.

Nikarudi nyumbani, nikachukua panga. Jogoo alipaa akakaa juu ya mwembe. Nikasimama chini yake nikimtukana. Nilimwambia yeye ni mshenzi, hana shukrani, nimemlea, nimempa pumba, mtoto amemkosea nini. Mke wangu alikuwa mlangoni amemshika mtoto mkono. Akaniambia kwa sauti ya kawaida, "Kama unataka kumchinja, ngoja jioni akilala, utamchukua kama tunda. Lakini kwanza maliza hotuba."

Kuna kesi moja ya kale ambayo vitabu vya historia huisimulia. Mwaka 1474, katika mji wa Basel ambao leo uko Uswisi, jogoo alishtakiwa kwa kutaga yai. Akahukumiwa kifo, akachomwa moto pamoja na yai lake mbele ya watu, kwa sababu waliamini yai la jogoo laweza kuanguliwa likatoka joka. Yamkini alikuwa mtetea mzee aliyebadilika manyoya, jambo ambalo hutokea. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka, nikawaona wale mahakimu kuwa watu wa giza. Sasa nilikuwa chini ya mwembe na panga, nikimsomea kuku mashtaka. Wao angalau walisubiri hukumu.

Usiku ule sikulala vizuri, nikajaribu kutenganisha mambo. Kwamba mtoto ameumizwa, hilo halina mjadala. Kwamba jogoo yule ni hatari, hilo nalo limethibitika, na mtu mwenye hatari nyumbani kwake hana ruhusa ya kukaa akiitafakari kama fumbo. Lakini kosa ni neno jingine. Kosa linahitaji anayejua kwamba angeweza kutenda vinginevyo. Ujasiri ule ule uliompiga kicheche ndio uliompiga mtoto. Jogoo hana panga mbili, moja ya maadui na nyingine ya wajukuu. Mimi ndiye niliyeuita ujasiri nilipofaidika nao, na ushenzi nilipoumia. Na bado nilitaka awe na kosa, kwa sababu akiwa na kosa basi nikimchinja nitakuwa nimetenda haki, na aliyetenda haki halazimiki kutazama nyuma.

Kesho yake alikuja bwana mifugo kuchanja kuku dhidi ya mdondo, tone moja la dawa katika jicho la kila kuku. Nikamwomba akate ncha za kipi. Akakata, akazipiga tupa, huku akiniuliza maswali. Lile la tatu lilikuwa hili: "Mzee, huyu alipokuwa pora, nani alikuwa akicheza naye?"

Nikanyamaza. Akaeleza kama mtu anayeeleza jambo la kila siku. Pora hujifunza nani mkubwa na nani mdogo kwa kurukiana na wenzake. Ukimchokoza kwa kiatu, kiatu kwake ni jogoo mwenzake. Akikirukia nawe ukakiondoa, anahesabu kwamba ameshinda. "Ukimfanyia hivyo kila jioni," akasema, "anashinda kila jioni." Mtoto alikuwa amevaa viatu vikubwa.

Hapo kesi ikabadilika mshtakiwa, na nakiri kwamba nilianza kuona sifa nyingi za huruma ambazo saa chache kabla sikuziona kabisa.

Sasa nilimtafutia njia asife. Nilisikia kwamba jogoo akilazwa katika sanduku la chini, asiloweza kunyoosha shingo, hawiki. Nikalitengeneza. Usiku wa kwanza kimya, wa pili kimya. Usiku wa tatu niliamka nikaenda na taa, nikamkuta macho wazi, shingo imekunjwa, kila mara akijaribu kuinuka na kugonga ubao kwa kichwa. Kwingine wapo wanaofanya hivyo na sanduku lao ni la nafasi, jogoo amelala salama. Langu nililitengeneza kwa hasira iliyobaki. Nikalivunja. Nikawaza kumpeleka Soko Kuu la Chifu Kingalu, ambako jogoo wa umbo lile hapati hata nusu saa. Lakini mnunuzi atauliza, "Ana tabia gani?" Nikimwambia kweli hanunui, nisipomwambia, nimemwuzia jeraha mtoto nisiyemjua. Waziri wa fedha wa nyumba yangu alisema niseme tu ni mchangamfu. Nikakataa, na nikajisikia mwema.

Ndipo nikapata wazo lililonipendeza kupita yote: nimrudishe kwa mjomba. Kule Matombo nyumba ziko mbalimbali, hakuna muuguzi chini ya dirisha, watoto wa kule wanajua kuku. Jogoo ataishi, jirani atalala, mjukuu atakuwa salama, nami sitakuwa nimemwaga damu wala kudanganya mtu. Nikamtia tengani, nikapanda gari. Njia nzima nilikuwa na moyo mweupe. Tulipita penye harufu ya mdalasini uliotandazwa juani kando ya barabara, na nakumbuka nikimwambia jogoo kimoyomoyo, unaona, unarudi kwenu.

Mjomba alinipokea kama anavyonipokea siku zote, akauliza habari za mmoja mmoja. Nikamsimulia yote: muuguzi, kicheche, mtoto, kiatu. Alisikiliza mpaka mwisho. Alitaka kujua juu ya jicho la mtoto, akashukuru Mungu. Kisha akainuka, akatoka nje, nikamsikia akimwita jirani yake, Mwislamu, aje achinje ili watu wote waliokuwepo waweze kula. Nilipotoka kazi ilikuwa imekwisha. Jogoo alikuwa juu ya jani la mgomba na maji yalikuwa motoni.

Sijui uso wangu ulikuwaje. Mjomba alinitazama akasema, "Mjomba, umenipandia mlima na kuku mkononi. Ulitaka nikulaze na mchicha?"

Nikasema nilidhani atamfuga.

"Nina watoto tisa katika nyumba hizi," akasema, akionyesha kwa mkono. "Unadhani wa kwako ana macho na hawa hawana?"

Hakusema kwa ukali. Aliyasema hayo huku akichagua kuni. Hakuwa amemkasirikia jogoo hata kidogo. Alimsifu wakati ananyonyolewa, kwamba ana kifua, kwamba mbegu ile ni ya babu yake fulani na amebaki nayo kwa mitetea miwili. Alimtendea kile ambacho mimi sikuweza nikiwa na hasira, wala nikiwa na huruma. Wala simwoni kama mkamilifu. Yeye naye hakushika kisu. Lakini alijua ni nani atakula na kwa nini, na hakuhitaji jogoo awe mwovu kwanza. Mimi nilikuwa nimepanda kilomita zote zile nikitafuta mtu wa kuniamulia, nikaliita jambo hilo rehema.

Jioni tukaketi. Firigisi hupewa mgeni, nayo ikawekwa mbele yangu. Ilikuwa ngumu, nikaitafuna muda mrefu, mjomba akinisimulia habari za shamba.

Nilirudi Bigwa kesho yake mchana. Jirani alikuwa amelala, pazia limeshushwa, na uani palikuwa kimya kama sijapata kupasikia tangu tupahamie. Nikajisemea kwamba angalau kwa upande wake deni limelipwa. Palikuwa na pora mmoja mweusi, mtoto wa yule mwekundu, ambaye baba yake hakumruhusu hata kukaribia rundo la matofali. Akijaribu kuwika ilitoka sauti ya mkwaruzo, naye hukatishwa na kufukuzwa. Wale wale wa Nagoya walionyesha mwaka 2015 kwamba katika kundi mkubwa ndiye huanza kuwika na wadogo hufuata kwa vyeo vyao, na akiondolewa mkubwa, wa pili hushika nafasi. Jambo hilo nilikuwa nimelisoma. Sikuwa nimelifikiria.

Asubuhi ya tatu, yapata saa tatu, mweusi alipanda juu ya matofali. Akawika mara ya kwanza vibaya, mara ya pili vizuri, mara ya tatu kama baba yake. Nikaona pazia la jirani likitikisika.

Nilivaa viatu, nikamkamata pora na kumfungia stoo. Kisha nikazunguka ua, nikaenda kugonga mlango wa jirani kumwuliza ratiba ya zamu zake.